Kuna mtu ameita tangi langu "choo chenye taa", mbele ya mama mkwe

Baba_Kangaja

Wadau, naandika nikiwa bado natetemeka, na yeye mwenyewe hajafika hata steji ya matatu. Jina sitaji. Mnamjua. Kila mwenye tangi la samaki la maji chumvi Nairobi hii, kuanzia Ruaka mpaka South B, anamjua. Yule wa tochi ya bluu. Yule anayeingia kwa watu na mkoba wa chupa za kupimia kama nesi wa chanjo. Yule ambaye ukimwonyesha tumbawe lililonawiri anakwambia la kwake lilikuwa hivyo likiwa na wiki moja. Basi, huyo huyo.

Leo amekuja kwangu. Nilimkaribisha mwenyewe, chai ikapikwa, sambusa zikakaangwa. Mama mkwe yuko nasi kutoka Murang'a, ameketi kwenye kile kiti kinachotazama tangi, televisheni hajaitaka kabisa. Alikuwa akimfuata samaki kangaja wa manjano kwa macho, akaniuliza mbona yule samaki klauni mkubwa anamfukuza mdogo, na mdogo anabaki kutetemeka mbele yake. Nikamweleza kwamba hao wote huzaliwa madume, mkubwa wao ndiye hugeuka jike, kwa hiyo yule mdogo ndiye mume, anatetemeka kwa adabu. Mama akacheka, akasema, "Kumbe hata humo mambo ni yale yale." Nilikuwa na raha, jamani. Mnajua ni kazi gani kumchekesha mama mkwe?

Hapo ndipo kiumbe yule akainuka na sambusa mkononi. Akafungua kabati la chini bila hodi, akanusa sampu, lile tangi dogo la chini linalopokea maji na kuyasafisha. Akasimama. Akachovya kidole kwenye tangi langu, AKAKILAMBA, akamgeukia mama mkwe, hata si mimi, mama mkwe! Akasema: "Mama, hiki ni choo chenye taa."

Choo. Chenye. Taa.

Mimi nikiwa na mama huyo chumba kimoja, nikibanwa nasema "natoka nje kidogo". Miaka yote ya ndoa hilo neno halijanitoka mbele yake. Leo limetamkwa sebuleni kwangu na mtu mwenye mafuta ya sambusa kwenye ndevu.

Kwanza, harufu. Alichonusa ni kikombe cha skima, chombo cha kusafisha maji kinachokaa humo kwenye sampu. NDIYO kinanuka! Kazi yake ni ipi? Viputo vinapanda, uchafu wa protini na mafuta unanata kwenye viputo, povu linamwagikia kikombeni, na yale maji meusi yanayokaa pale ni uchafu ambao HAUMO TENA kwenye tangi. Skima isiyonuka ndiyo ya kuogopa. Anayejiita mtaalamu hajui hilo? Anajua! Anajua vizuri sana, na ndiyo maana sitamsamehe.

Tangi ni la mita 2 kwa sentimita 70 kwa 65, lita 900 na kidogo. Kila Jumapili natoa lita 90 na kurudisha lita 90 za maji niliyoyachuja mpaka hayana kitu, yakatiwa chumvi zaidi ya kilo 3, yakazungushwa na pampu usiku kucha mpaka kipimo cha chumvi kifike 1.025 na joto nyuzi 25. Vipimo vya madini yanayojenga tumbawe ni hivi: alkalini 8.5. Kalsiamu 420. Magnesiamu 1,300 na kitu. Mtoto akilia usiku mama yake huamka. Pampu ikibadilisha sauti huamka mimi. Taa nyeupe zikizimwa jioni zikabaki za bluu, tumbawe la nyundo linawaka kijani kwenye ncha, tumbawe la ubongo linatoa mikono yake midogo kutafuta chakula, kamba msafishaji anapanda mgongoni kwa kangaja kumtoa takataka, na nyumba nzima inanyamaza yenyewe. Hicho ndicho choo?

Turudi kwa kidole. Kidole kile kilikuwa na mafuta. Tangu kiingie, skima haijatoa povu hata tone. Mafuta yakigusa maji, povu huanguka, hilo hata mgeni wa jana anajua. Yaani mtu ameita tangi choo, kisha akaua chombo kinacholisafisha, kisha akaomba kuongezewa chai. NA AKAONGEZEWA, kwa sababu mke wangu ana malezi.

Nataka atolewe kwenye kikundi. Nataka aombe msamaha, kwa mama mkwe kwanza. Admini mko wapi? Mama mkwe sasa hivi ameniuliza, kwa upole, kama maji ya tangi nimeyaunganisha na bomba la choo. AMEULIZA, wadau.

Sampu_SouthB

Pole sana ndugu yangu. Ni yeye, hata usiendelee. Kwangu aliyaita mawe hai yangu "kokoto za mjengo". Mawe yenye rangi ya zambarau yote, yamejaa konokono na minyoo ya usiku, bakteria ndani wanakula amonia mchana na usiku bila kulipwa. Kokoto!

KaaMtulivu

Swali moja tu, buda. Alkalini umetaja, kalsiamu umetaja, magnesiamu umetaja. Nitrati, ile inayotokana na uchafu wa samaki, je?

Baba_Kangaja

Huu ni uzi wa nitrati? Mtu amelamba kidole mbele ya mama mkwe na wewe unataka nitrati? Haifiki 10. Umeridhika?

KaaMtulivu

Nimeridhika. Lakini ona vile umekasirika.

Tochi_Nyekundu

Kidole kimoja kwenye lita 900, skima ikafa? Hicho kidole kina ukubwa wa mgomba?

Baba_Kangaja

Si ncha ya kidole. Mkono uliingia mpaka kwenye kifundo. Aligeuza hata tumbawe "lione mwanga vizuri". Na sambusa ilikuwa ya nyama.

KaaMtulivu

Tulianza na kidole, sasa ni mkono. Ukurasa wa pili mzee atakuwa ameoga humo na kuomba taulo.

DadaZoa_Langata

Cheka tu, lakini mimi hapo pa KULAMBA ndipo nimeshtuka. Wadau, msilambe maji ya matangi ya watu! Wale zoanthidi, viumbe wadogo wa ukoo wa matumbawe wenye rangi za maua, ambao kila mmoja wetu anao kwenye jiwe la mbele, baadhi yao wana palitoksini. Ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazotoka kwa viumbe. Ukikata jiwe lao bila glavu na miwani, au ukilichemsha ndani ya nyumba, unaweza kulazwa pamoja na familia yako. Huyo ashukuru Mungu bado anatembea. Baba Kangaja, una zoanthidi?

Baba_Kangaja

Ninao. Na natamani angekilamba kidole baada ya kuwashika, Mungu anisamehe.

Admini_wa_Zamu

Punguza hapo mwisho. Kumtoa mtu kikundini kunapigiwa kura, na yeye ndiye huhesabu kura. Tunalitafakari.

MamaKamba

Nyinyi mnalilia kidole. Mimi shemeji yangu alikuja kulala wikendi, akasikia mbu mmoja, MMOJA, akapuliza dawa ya mbu chumba kizima na pampu ya hewa ikiwa inavuta hewa ya humo humo na kuipeleka kwenye maji. Asubuhi kamba wote wako chali, kaa wadogo wametoka kwenye magamba yao wamekufa nje. Samaki wanaweza kuponea chupuchupu, lakini hizo dawa kwa kamba na kaa ni kifo, kwa sababu wao na mdudu ni ukoo mmoja. Nikamuuliza shemeji, akanijibu, "Lakini mbu alikufa." Mpaka leo Krismasi ikifika ndugu zangu wakiniuliza kama atakuja, nanyamaza.

Sampu_SouthB

"Lakini mbu alikufa." Wueh. Mama Kamba umeshinda.

Baba_Kangaja

Pole mama, lakini shemeji wako hakukutukana. Wangu aliangalia tangi, akaangalia mama, akatamka. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza katikati pale. Alichagua kutamka.

Ghorofa_ya_Nne

Kwani hamjapotelewa na stima nyinyi? Mimi stima zilipotea saa tisa usiku, pampu ya kurudisha maji ikasimama, maji ya juu yakashuka yote kupitia bomba la pampu mpaka sampu ikafurika, yakapita sakafu, yakatokea kwenye dari la jirani wa chini. Maji ya chumvi, juu ya redio yake na kitanda chake. Akapanda amevaa taulo. Landilodi ananiita "Bwana Bahari" mpaka kwenye risiti ya kodi.

Tochi_Nyekundu

Ulikosa tundu la kukata mvuto kwenye bomba la kurudisha. Toboa tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji, stima zikipotea hewa inaingia na maji yanakoma kushuka. Na ulisafishe kila mara, konokono wanapenda kulala humo. Sampu nayo iache na nafasi tupu ya kupokea.

Ghorofa_ya_Nne

Asante, lakini hilo ungeniambia kabla ya redio.

KaaMtulivu

Ngoja, ghorofa ya nne? Na Baba Kangaja uko ghorofa ya ngapi? Lita 900 peke yake ni zaidi ya kilo 900. Weka glasi, mawe, mchanga, stendi na huyo mtaalamu akiwa ameegemea, hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu sebuleni.

Baba_Kangaja

Niko chini kabisa, na stendi iko kwenye ukuta wa kubeba. Jamani, uzi ni wa KIDOLE.

Mitungi_Express

Mimi sielewi kwa nini mnajitesa na chumvi ya pakiti inayouzwa bei ya dhahabu. Bahari tunayo. Natoa maji Mombasa mwenyewe, mitungi ya lita 20, napakia basi la usiku, asubuhi niko Nairobi na maji yenye kila kitu Mungu alichoweka. Chumvi ya pakiti ni ya watu wasio na pwani.

BintiWatamu

Unateka wapi?

Mitungi_Express

Karibu na bandari, Kilindini, ndiko basi linaanzia karibu.

BintiWatamu

Ewe kaka! Kilindini pana meli, mafuta na maji machafu ya mji mzima, wewe unayachota umpelekee tumbawe? Nyinyi watu wa bara mna ujasiri. Maji huchotwa mbali na mji, maji yakijaa, yakiwa ya bamvua, yale maji makuu, ni nzuri zaidi, maana maji safi yanatoka nje ya mwamba. Wala usije Malindi wakati wa masika, Mto Sabaki huleta tope mpaka bahari inakuwa nyekundu na chumvi inapungua. Na ukifika Nairobi usiyafungie mtungini juani, vijidudu vilivyomo hufa na kuoza. Yachuje, yazungushe, yapime chumvi kwanza.

Na kwa kuwa niko hapa: msije kutuvunjia matumbawe yetu huku. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, mengi ya pwani hii yalipauka meupe na kufa. Wale mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yao na kuwalisha kwa mwanga waliondoka, na tumbawe likabaki na njaa. Hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na hata humo yalikufa. Kata kipande kutoka kwa tangi la mwenzako, kiote kwako.

DadaZoa_Langata

Binti Watamu ameongea. Nina vipande vya tumbawe la nyundo vya kugawa, atakayekuja aje na chombo chake.

Mitungi_Express

Nimeelewa, nitahama Kilindini. Lakini tatizo langu kubwa si maji, ni kondakta. Alinilipisha kila mtungi nauli ya abiria, halafu akaketisha abiria JUU ya mitungi. Mmoja ukapasuka karibu na Mtito Andei, bibi mmoja akadhani mtu amejisaidia ndani ya basi. Nikashushwa nijieleze.

Baba_Kangaja

Wewe umeshushwa, mimi nimetukanwa ndani ya nyumba yangu. Na kwa taarifa yenu, skima bado imenyamaza.

MamaKamba

Huyo kondakta ni wa basi la rangi gani? Mimi wangu alitaka kujua kama maji ni ya uganga. Akakataa kuyagusa, nikayapakia mwenyewe nikiwa na gauni la arusi ya dada yangu.

Mitungi_Express

Hilo hilo! La rangi mbili. Ana mdomo mrefu na mizani ya mkono, anapima mitungi kituoni kama yuko sokoni kwa nyanya.

Ghorofa_ya_Nne

Usipande hilo. Kuna lile linalotoka saa tatu usiku, dereva wake ni mtu mzima, ana adabu. Mitungi anaiweka chini kwenye buti, unalipia kama mzigo, kwisha. Funika vifuniko na nailoni kwanza.

Sampu_SouthB

Nani anasafiri wiki hii? Nina mitungi 6 mitupu, imeoshwa, haikuwahi kubeba mafuta. Nalipa mzigo na chai ya njiani.

BintiWatamu

Mimi nakuja Nairobi Ijumaa. Nitakujazia Watamu mwenyewe, lakini nikutane nawe steji, sibebi mitungi mpaka South B.

Mitungi_Express

Binti, na mimi mitungi 4 tafadhali. Tuma namba kwa ujumbe wa faragha.