Desktop inageuza feni nusu mzunguko inazima, haiitiki tena mpaka nichomoe waya. Ninunue pawasaplai?

kaskazi_pc
Habari wakuu. Nina desktop ya kuunga: madabodi (bodi kuu) ndogo ya chipseti ya H61, prosesa Core i5-3470, RAM mbili za DDR3 za GB 4, pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme) ya wati 450. Haina kadi ya picha, skrini nachomeka kwenye VGA ya bodi. Juzi nimeihamishia kwenye kasha kubwa zaidi, na humo humo nikapuliza vumbi na kubadilisha pesti ya kupitisha joto ya prosesa. Tangu hapo nikibonyeza swichi, feni ya prosesa inageuka nusu mzunguko tu, kisha kimya. Hakuna mlio wala picha. Nikibonyeza tena haitikisiki. Nikichomoa waya ukutani nikasubiri kama dakika moja, inarudia mchezo uleule. Taa ndogo ya kijani kwenye bodi inawaka muda wote. Dukani wameniambia pawasaplai imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje?

raba_na_ram
Hiyo RAM mkuu. Zichomoe zote mbili, sugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya penseli, futa, kisha rudisha moja tu kwenye nafasi iliyo karibu na prosesa. Ikigoma jaribu ya pili. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu.

waya_kijani
Ushauri wa raba ni mzuri, lakini si kwa dalili hii. RAM isiyosomeka huacha feni zikizunguka bila picha, au bodi inajizima na kujiwasha yenyewe kila baada ya sekunde chache. Ya kwako inakufa kabla feni haijamaliza mzunguko, na haiitiki mpaka umeme uondolewe. Hapo pawasaplai imeona shoti na kujifunga, na nyingi zikishajifunga hazifunguki mpaka uchomoe waya. Maana yake kuna uwezekano mkubwa kwamba pawasaplai ni nzima na inafanya kazi yake.

Kabla ya kununua chochote, hesabu sekunde. Chini ya sekunde moja, tafuta shoti. Ikizima kwenye sekunde ya 4 au ya 5 kila mara, kagua swichi ya mbele: imenasa ndani, bodi inadhani umeishikilia makusudi. Ikidumu kuanzia sekunde 10 hadi dakika moja au mbili, ni joto, hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) haijakaa vizuri. Umesema umebadilisha pesti, kwa hiyo watu watakuambia joto. Nusu mzunguko wa feni hautoshi prosesa kufika nyuzi 100.

Sasa kasha. Hiyo ndiyo sehemu ya swali lako niliyoisoma mara mbili. Bodi yako ni ya saizi ndogo, haizidi milimita 244 kwa 244, na bodi nyingi za H61 ni nyembamba zaidi, zina matundu 6 tu ya skrubu. Kasha kubwa linatengenezwa kwa bodi ya saizi kubwa, ATX, ya milimita 305 kwa 244 yenye matundu 9, na mara nyingi vile vinguzo vya shaba vinavyoinua bodi vinakuja vimeshafungwa vyote. Kinguzo kisicho na tundu juu yake kinabaki chini ya bodi, kinagusa ncha za risasi ya kuungia upande wa nyuma. Kichwa cha kinguzo kimeungana na bati, bati ni negativu, na ile ncha ikiwa ya volti 12 au 5, ndiyo shoti yenyewe.

Fanya hivi. Chomoa waya ukutani, bonyeza swichi mara mbili tatu kumaliza chaji. Toa bodi nzima, iweke juu ya kadibodi kavu. Usiiweke juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa, upande wake wa nje unaweza kupitisha umeme. Acha prosesa na feni yake, RAM moja, plagi kubwa ya pini 24 na ile ya pini 4 ya prosesa. Vingine vyote viondoe: diski, USB za mbele, spika, swichi. USB za mbele hasa, kwa sababu plagi yake ikiingia imeruka pini moja inaleta shoti ileile. Washa kwa kugusanisha pini mbili za PWR (pale swichi ya kuwasha inapochomekwa) kwa ncha ya bisibisi, mguso mmoja tu, kisha ondoa.

Ikiwaka na kuendelea, bodi haina kosa. Rudi kwenye kasha uhesabu vinguzo.

raba_na_ram
Nimekubali, sikuona hapo aliposema kasha jipya.

volti_mbili_thelathini
Nongeze upande wa pawasaplai, kwa kuwa ameshaambiwa anunue. Ichomoe kwenye bodi, unganisha pini ya waya wa kijani na pini yoyote ya waya mweusi kwa klipu ya karatasi, kisha ndipo uchomeke ukutani. Feni yake ikizunguka, pima kwa multimita, ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau ni volti 5 za kusubiri, zinakuwepo hata klipu ikiwa imetolewa. Ndizo zinazowasha taa yako ya kijani, kwa hiyo taa hiyo haithibitishi kwamba njano ipo.

Kipimo hiki kina udhaifu: hakuna mzigo. Pawasaplai iliyochoka inaweza kusoma 12.0 hapa na ikaanguka bodi ikianza kunywa. Ikifeli ni mbovu kweli; ikifaulu bado haijavuka mtihani wote.

Soma pia kibandiko chake. "450W" ya kifuniko haina maana kama mstari wa 12V umeandikwa 16A, maana 16 mara 12 ni wati 192. Kwa i5-3470 ya wati 77 bila kadi ya picha inatosha, lakini ujue umenunua nini.

Na kwa wanaonunua mitumba ya kutoka Marekani: tazama kaswichi kekundu nyuma, 115/230. Ukiiwasha ikiwa 115 kwenye umeme wetu, utasikia mlipuko. Usifungue pawasaplai kutazama. Kapasita kubwa ndani hukaa na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

kaskazi_pc
Nimetoa bodi, nimeweka juu ya boksi, imewaka na inaendelea. Nimefika hadi kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya bodi), joto la prosesa linasoma 41. Volti: njano 12.08, nyekundu 5.04. Ndani ya kasha kuna vinguzo 9, bodi ina matundu 6. Kimoja kati ya vile vitatu vya ziada kinaangukia chini ya nafasi ya kadi ya picha. Nyuma ya bodi hapo kuna alama nyeusi ya duara, ndogo kuliko punje ya mtama. Imeungua?

waya_kijani
Ifute kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ikitoka yote na njia za shaba hazijakatika, ni masizi ya cheche. Ikibaki shimo au rangi ya kahawia iliyozama, nafasi hiyo ya kadi usiitumie. Bodi yenyewe inaweza kuendelea.

Fungua vile vitatu kwa koleo ndogo, usivifunike kwa selotepu. Vinavyobaki viwe 6, kila kimoja chini ya tundu lake, hesabu ukiwa umeishikilia bodi juu yake kabla ya kuishusha. Tikisa kasha usikilize kama kuna skrubu inayozurura. Rudisha bodi, washa. Kisha RAM ya pili, washa. Kisha USB za mbele, washa. Ikizima hapo katikati, cha mwisho ulichochomeka ndicho chenye kosa.

kaskazi_pc
Masizi yametoka, njia ziko nzima. Imewaka ndani ya kasha na RAM zote mbili. USB za mbele nazichomeka kesho mchana, mwanga umekwisha na zile pini ni ndogo.