Doa la maji kwenye dari la jipsam, rangi gani inaliua kabisa?

Baba Doto: Wakuu, habari za jioni. Nyumba yangu ipo Buhongwa, Mwanza, paa la kuficha, nimehamia mwaka jana. Chumba kimoja dari la jipsam lina doa la kahawia. Lilianza masika likiwa kama sahani, sasa linakaribia upana wa mlango, na katikati dari limefanya tumbo. Nimepaka nyeupe mara mbili, linarudi. Bodi nimeshanunua, fundi wa jipsam anakuja Jumamosi, Jumapili napokea wakwe. Naomba jina la rangi tu. Mambo ya paa tuyaache kwanza.

Fundi Igoma: Rangi ya maji haizuii doa la maji, inaliyeyusha nalo linapanda juu. Pakauke, upige praima ya mafuta, ndipo rangi. Ila paa tunaliachaje, mkuu? Kwenye paa la kuficha mimi naanza na gata. Maji yote ya bati yanaishia mfereji ule nyuma ya ukuta, majani yakiziba bomba yanarudi ndani. Na usitafute tundu juu ya doa tu, maji hutambaa kwenye mbao yakadondokea mbali.

Mama Kulwa: Pole baba. Sisi huku Igombe 2020 ziwa lilipopanda, maji yalitokea chini, sio juu. Nilitoa vitanda na kuku usiku, tukahamia kwa dada Kisesa miezi minne. Kuta zina alama mpaka leo na wakwe wanakuja, wanakula. Usiumie kwa doa.

Mzee wa Mabatini: Vijana mnaficha paa ili nyumba ionekane ya kisasa, halafu bati mnanunua geji 32, jembamba kuliko 28. Marehemu baba alipaua mgongo wa tembo 1978. Hatujawahi kutega beseni.

Sato wa Kirumba: Hii chai. Tupo mwezi wa saba, Mwanza nzima vumbi. Mimi tone la mwisho nimeliona mwezi wa tano. Doa linakua kwa mvua ipi? Jamaa anatafuta pa kutangazia rangi.

Fundi Igoma: Hapo Sato umeuliza la maana. Baba Doto, juu ya hicho chumba kuna nini?

Baba Doto: Sio chai. Sikutaka kuanika ya ndani. Humo kwenye paa kuna tanki la lita 1000. Aliyepaua na kuliweka ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa bei ya undugu. Maji kwetu yanakuja usiku, na asubuhi doa linakuwa bichi. Hao wakwe wa Jumapili ndio wazazi wake. Nikisema kazi ya mtoto wao ni mbovu, nakaa vipi na mke wangu? Ndio maana nikaona dari kwanza, tanki baadaye. Na yeye alinihakikishia mbao zinahimili.

Fundi Igoma: Lita moja ni kilo moja. Umeweka tani nzima juu ya mbao, na koki ya boya, ile inayofunga maji tanki likijaa, nadhani imegoma, kila usiku tanki linafurika na mbao zinalowa. Hicho chumba analala nani?

Baba Doto: Watoto.

Fundi Igoma: Watoe sasa hivi. Zima swichi kubwa, funga koki inayopandisha maji, kisha fungulia bomba zote tanki liishe. Usisimame chini ya hilo tumbo. Fundi wa jipsam mwambie asije. Tanki lishuke, lijengewe mnara nje, mbao zilizolainika zibadilishwe, pakauke kwa jua hili. Bodi haziozi ukiziweka pakavu.

Mama Kulwa: Na shemeji mpigie leo, kabla wazee hawajafika. Sema "tanki linafurika, njoo tuliangalie wote." Usianze na ubovu. Akiliona mwenyewe atalibeba.

Sato wa Kirumba: Naomba radhi kwa ile chai. Nipo hapo Nyegezi, Jumamosi nakuja kusaidia kulishusha.

Baba Doto: Nimefunga koki na kufungulia bomba, maji ya tanki yanaendelea kuisha. Watoto nimewatandikia sebuleni. Mama yao ameuliza kwa nini, nimemwambia yote. Sasa hivi yupo kwenye simu na kaka yake.