Nichoreje mashua za Dunga zisizotulia?

Mwanagenzi, Kisumu:
Wakuu, nachora mashua za wavuvi wa Dunga kwa rangi za mafuta, lakini nikianza tu kupata umbo la tanga, wenyewe wanakisukuma chombo majini na kuondoka. Nifanyeje?

Fundi Brashi:
Ndugu, Vincent van Gogh alikumbana na shida hiyo hiyo mwaka 1888 huko Saintes-Maries-de-la-Mer, kusini mwa Ufaransa, ambako mashua zilishushwa majini mapema mno. Basi alizichora upesi asubuhi zikiwa bado mchangani, akabainisha rangi kwa maandishi, kisha akaipaka picha yenyewe mjini Arles. Hata jina la mashua moja, Amitié, linasomeka kwenye picha. Penseli kwanza, rangi baadaye.

Bi Rangi:
Naongezea kwamba waliovua omena usiku kwa taa hurejea asubuhi, na hapo, huku dagaa hao wakianikwa juani juu ya nyavu, mashua hukaa ufukweni kwa muda wa kutosha. Waombe ruhusa wenyewe kwanza. Wengine hawapendi kuchorwa, na wana haki.

Mwanagenzi:
Ahsanteni. Rangi za mafuta nitaziacha nyumbani.