Mrejesho: struct ya baiti 16 sasa ni baiti 4

Wakuu, niliuliza jinsi ya kubana rekodi yenye saa, dakika, hali na kipimo, kwenye struct ya lugha ya C (kundi la vigeu vinavyokaa pamoja), zote nikiwa nimezitangaza int, yaani namba nzima ya baiti 4. Nilianza na _BitInt ya C23 (toleo jipya la C; ni aina ya namba unayoichagulia idadi ya biti) nikidhani biti 3 zitakaa biti 3. Wapi! Kila moja ilichukua baiti nzima au zaidi, sizeof (inayopima ukubwa kwa baiti) ikanipa 6 kwa struct nzima. Ndipo nikafuata ushauri wenu wa sehemu za biti (bit-fields), ambapo namba baada ya nukta mbili ni idadi ya biti za kila kigeu:

unsigned saa:5, dakika:6, hali:3, kipimo:10;

Jumla biti 24, sizeof 4. Ila mwanzoni niliandika int badala ya unsigned (namba isiyo na hasi), biti ya juu ikahesabiwa kama alama ya hasi na hali 5 ikawa inasomeka -3. Jioni nzima ikaishia hapo. Scanf (ya kusoma data inayoingizwa) nayo ikagoma, maana inataka anwani ya kigeu, na sehemu ya biti haichukuliwi anwani kwa &. Sasa nasoma kwenye kigeu cha kawaida kwanza, kisha nahamisha. Asanteni sana.