Tupeane uzoefu: "look after", "put off", "run out of" na ndugu zao, mnavishikaje mpaka vikae kichwani?

Mwanzisha mada
Wakuu, tukusanye hapa mbinu za kujifunza vile vitenzi vya Kiingereza vya vipande viwili au vitatu, vinavyoitwa phrasal verbs. Unaijua "look" na unaijua "after", lakini "look after" ni kutunza. Unaijua "put" na unaijua "off", halafu "put off" inageuka kuwa kuahirisha. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi ya Kiingereza, aliligusa jambo hili katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, akasema ndilo linalowapa wageni wa lugha ile ugumu mkubwa kabisa. Kwa hiyo tatizo ni la siku nyingi na si letu peke yetu. Ombi langu ni moja: orodha za vitenzi mia tuziache. Toeni mbinu, kosa linalotokea na sababu yake.

Mwalimu wa jioni
Tuanze kwa kuondoa woga, maana Kiswahili nacho kina jamaa wa karibu. Piga simu, piga pasi, piga picha, piga mswaki, piga kura, piga magoti: hakuna anayeuliza aliyepigwa ni nani. Tuliyabeba mafungu hayo mazima, na "give up" ibebwe vivyo hivyo. Ni kukata tamaa, au kuacha tabia fulani. Ukianza kutafuta "toa" na "juu" ndani yake, utachelewa.

Kwenye daftari, kila kitenzi kipewe mistari minne. Wa kwanza ni sentensi nzima: "We put off the meeting." Wa pili ni sentensi hiyohiyo yenye kiwakilishi: "We put it off." Wa tatu ni maana ya Kiswahili kwa sentensi hiyo tu: tuliahirisha mkutano. Wa nne ni neno moja la kulingana nalo, yaani "postpone", pamoja na mahali linapofaa, kama vile barua rasmi. "Put off" ina maana nyingine ya kumtoa mtu hamu, "The smell put me off", lakini hiyo ingoje ukurasa wake wiki nyingine. Ukiziweka maana zote pamoja siku moja, zinavurugana.

Vitenzi vitano kwa wiki vinatosha. Virudie siku ya pili, ya nne, ya nane, kisha mwisho wa mwezi. Funika upande wa Kiingereza, soma Kiswahili, na useme sentensi kwa sauti. Wengi hufanya kinyume: wanasoma Kiingereza, wanatambua maana, wanaridhika. Kutambua ni kwepesi. Anapotakiwa kuzungumza ndipo neno linakosekana.

Mhariri
Nakazia mstari wa pili wa Mwalimu, ule wenye kiwakilishi, kwa sababu makosa mengi ninayoyasahihisha yanatokea hapo.

"Turn off the radio" ni sawa, na "turn the radio off" ni sawa. Ukiweka "it", nafasi inabaki moja tu, nayo ni katikati: "turn it off". "Turn off it" haipo. Sababu yake inaeleweka: mwisho wa sentensi ya Kiingereza huachiwa habari mpya, na "it" ni kitu ambacho tayari kimetajwa. Kwa mantiki hiyohiyo, maelezo yakiwa marefu yanasukumwa mwisho: "Turn off the radio that somebody left on last night." Jaribu kuipeleka "off" mwisho kabisa wa hiyo uone inavyoning'inia.

Kuna kundi la pili lisilokubali kupasuliwa: "look after her", "run into him", "get over it". Ukisema "look her after" hutaeleweka. Utajuaje kitenzi kiko kundi gani? Angalia kamusi. Kamusi nyingi za wanafunzi huandika "sb" kwa mtu na "sth" kwa kitu, na baadhi huweka mshale wenye ncha mbili ↔ kuonyesha kwamba vipande vinatenganishika. Ukiona "put sth ↔ off", tenganisha. Ukiona "look after sb" bila mshale, usiguse. Watu wengi huuruka mshale huo, na kumbe ndio unaobeba sarufi yote ya kitenzi.

Vya vipande vitatu kwa kawaida havipasuki: "put up with" ni kuvumilia, "run out of" ni kuishiwa, "look forward to" ni kungojea kwa hamu. Hiki cha mwisho kina mtego. Andika "I look forward to meeting you", si "to meet you". "To" hii si ile ya "to eat". Kipimo chake: weka "it" mwishoni. "I look forward to it" inakubali, kwa hiyo baada yake panahitajika jina au kitenzi chenye "-ing".

Mkalimani
Mimi napinga kujifunza kwa kitenzi mama, yaani leo "get up, get over, get by, get on, get off" zote kwa mkupuo. Zinafanana sura, basi zinagombana kichwani. Panga kwa tukio. Chukua tukio la simu peke yake: "call back" ni kumpigia mtu baadaye, "pick up" ni kupokea, "get through" ni kumpata hewani, "put me through to the manager" ni niunganishe na meneja, "hold on" ni subiri kidogo, "speak up" ni ongeza sauti, "hang up" ni kukata mwenyewe, na "cut off" ni kukatiwa ("We got cut off"). Mtu akikwambia "You're breaking up", anasema sauti yako inakatikakatika. Wapenzi wawili "wakibreak up", wameachana. Kinachoamua maana ni tukio, ndiyo maana napanga hivyo.

Halafu sikio. Vitenzi hivi vinasemwa kwa kuunganishwa, konsonanti ya mwisho inarukia irabu inayofuata. "Pick it up" inasikika kama "pikitap", "turn it off" kama "tenitof". Anayengoja maneno matatu hasikii hata moja. Tamka mara kumi kama neno moja, ukikaza kipande cha mwisho. Ukifika kwenye "look at it", mara nyingi mkazo unabaki kwenye "look", kwa sababu "at" hapo ni kihusishi tu.

Mpenda kamusi
Naomba kuongeza kwamba vile vijineno vya nyuma vina tabia zao. "Up" mara nyingi inakamilisha tendo: "use up" ni kutumia mpaka kiishe, "fill up" ni kujaza pomoni, "tear" ni kuchana na "tear up" ni kuchanachana. "On" inaendeleza: "carry on", "keep on". "Down" inapunguza, kama "slow down" na "calm down", au inaweka karatasini, kama "write down". "Over" inarudi kupitia: "read over", "think over".

Mkalimani
Nakubali, ila itumike kukumbuka, isitumike kubahatisha. "Throw up" ni kutapika. Na tazama "go off": taa "ikigo off" imezimika, kengele ya tahadhari "ikigo off" imelia, maziwa "yakigo off" yameharibika. Anayekisia kwa kijineno atasema kengele imenyamaza, kumbe ndiyo kwanza inapiga kelele.

Mchambua takwimu
Kuhusu vipi vianze: mwaka 2015 watafiti Garnier na Schmitt walitoa orodha iitwayo PHaVE, yenye vitenzi 150 vinavyotumika zaidi, kila kimoja na maana zake kuu tu. "Go on", "pick up", "come back" na "find out" viko mwanzoni. Kabla yao, mwaka 2007, Gardner na Davies walihesabu kwamba vitenzi 100 vya juu vina wastani wa maana 5.6 kila kimoja. Kwa hiyo usihangaike na maana zote. Maana moja au mbili za kila kitenzi ndizo zitakazokupitia karibu kila siku.

Mhariri
Nimerudi na makosa yanayotutoka sisi wasemaji wa Kiswahili. La kwanza ni kudondosha kijineno. Tunasema "jaza fomu", basi tunaandika "fill the form". Kiingereza kinataka "fill in the form", au "fill out", ambayo Wamarekani huipenda zaidi, na maana ni ileile. "Nipitie saa mbili" inakuwa "pick me" wakati sahihi ni "pick me up". Kwa kuwa kitenzi chetu kimoja kinabeba maana nzima, tunadhani chao nacho kinatosha. La pili ni kinyume chake, kuongeza kisichohitajika: "cope up with". Ni "cope with" tu. Nadhani "up" inaazimwa kutoka "keep up with" na "put up with".

La tatu ni tahajia. "Log in", "back up", "set up" zikiwa kitenzi huandikwa mbalimbali, zikiwa jina huungana: "login", "backup", "setup". Ukisitasita, ipeleke sentensi wakati uliopita. "I backed up the files" inakubali kubadilika, hicho ni kitenzi, tenganisha. "The backup is ready": hapo huwezi kuweka "-ed" popote, basi unganisha, na mkazo upeleke mwanzoni, BACKup.