Mrejesho: gharama ya kusafirisha udi (ala ya muziki ya nyuzi) kutoka Unguja hadi Muscat

Ndugu zangu, niliuliza hapa namna ya kumtajia mnunuzi gharama ya kusafirisha udi wangu kwa ndege, kwa kuwa mizani ilionyesha kilo 6 pamoja na kasha lake, nami nikadhani hesabu imekwisha. Aliyenieleza habari ya uzito wa ujazo, yaani uzito unaokadiriwa kwa ukubwa wa boksi, aliniokoa na hasara.

Boksi la kwanza lilikuwa na sentimita 100 kwa 55 kwa 40. Ukizidisha na kugawanya kwa 5,000, kama wafanyavyo wasafirishaji wengi wa vifurushi vya haraka, unapata kilo 44, na hizo ndizo zinazolipiwa, si zile 6. Tumbo la udi, ambalo ni hewa tupu, linalipiwa kama chuma! Nilitengeneza boksi jingine la 88 kwa 45 kwa 30, linalobana kasha gumu huku likiacha nafasi ya sponji pande zote, hesabu ikashuka hadi kilo 24. Kupunguza zaidi ya hapo kungekuwa kuhatarisha shingo.

Nyuzi nilizilegeza bila kuzitoa. Kuhusu vishikizo vya mpingo vya kukazia nyuzi, ala iliyokamilika imesamehewa kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2019, nami nilikitaja kipengele hicho kwenye ankara.

Mnunuzi alikubali kulipa nauli na bima kando ya bei ya udi, ushuru wa kwao ukabaki juu yake. Udi umefika mzima.