Mihuri ya batiki: mbao, sponji ya godoro au shaba?

Vitambaa_Buruburu:
Wakuu, niko Nairobi, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoifanya kazi hii. Kuna mita 40 za bafta (kitambaa cheupe cha pamba), rangi mbili, njano kwanza kisha kahawia. Mchoro ni majani madogo yenye mishipa, na mpaka wa vistari vyembamba. Nta ya kuzuia rangi inayeyushwa kwa sufuria ndani ya sufuria ya maji, juu ya gesi. Muhuri wa majaribio ni wa mbao, lakini nta inakaa nyeupe juu ya kitambaa na rangi inapenya chini yake. Nihamie sponji au shaba?

FundiMchongo:
Usiitupe mbao bado. Angalia kwanza imechongwaje. Kwa mishipa ya jani unataka mti mgumu uliokauka vizuri, kama mvule, na uchonge kwenye uso wa kichwa cha gogo, pale miduara ya mti inapoonekana. Ukichonga ubavuni, vistari vyembamba vinameguka kufuata nyuzi za mti. Kina cha mchongo kisipungue milimita 8, la sivyo nta inajaa mabondeni na jani linatoka kama doa. Sehemu pana zitoboe matundu madogo hadi mgongoni ili hewa itoke. Kabla ya kuutumia, uloweke muhuri kwenye mafuta ya kupikia siku kadhaa ili usinyonye nta na kupasuka kwa joto. Plaiwudi usiiguse kabisa, gundi yake inaachia na tabaka zinafunguka.

Mama_Nta:
Fundi amesema kweli kuhusu mchongo, lakini tatizo lako wewe liko jikoni. Nta nyeupe juu ya kitambaa ni nta iliyopoa kabla ya kuzama. Ikiwa na joto la kutosha, kitambaa kinageuka kama karatasi iliyodondokewa mafuta, na ukikipindua unaona mchoro ule ule upande wa pili.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka karibu nyuzi 94. Sufuria ndani ya maji haiwezi kuipandisha nta juu ya hapo hata ukiongeza moto. Nta inayeyuka, ndiyo, lakini kwa muhuri unahitaji nyuzi 110 hadi 120, kwa sababu mbao inaifyonza joto lake njiani. Weka nta kwenye sufuria pana moja kwa moja juu ya moto mdogo, au juu ya bamba nene la chuma, na utumie kipimajoto. Ikianza kutoa moshi, zima. Isizidi nusu ya sufuria, na mfuniko uwe karibu: nta ikishika moto unafunika na kuzima gesi, humwagii maji hata tone, maana yatageuka mvuke ghafla na kuurusha moto usoni.

Rangi_Kariobangi:
Mama Nta, hapo nakuunga mkono. Ila kwa mita 40 mimi ningechagua sponji. Godoro zito, lile lisilobonyea kwa urahisi, linakatwa kwa wembe, linabeba nta nyingi na linaitoa mara tatu au nne kabla ya kurudi sufuriani. Mbao unaichovya kila pigo.

FundiMchongo:
Ndugu yangu, kwa majani makubwa sawa. Kwa mishipa, hapana. Sponji ukiibonyeza inatanuka na vistari viwili vinaungana. Tena ikikaa muda mrefu kwenye nta moto inaanza kubomoka, na gundi inayoishikilia inayeyuka. Wanaoitumia waifunge kwa uzi au misumari.

Rangi_Kariobangi:
Basi sponji kwa kujaza jani, mbao kwa mishipa. Hilo nakubali.

Kamukunji_Bati:
Mbona shaba hamjaigusa? Kule Java, Indonesia, mihuri ya shaba ilianza kutumika katikati ya karne ya 19, na sababu ni hiyo hiyo ya joto: shaba inalipokea upesi kutoka kwenye nta na kulifikisha kitambaani, hivyo mstari unatoka mwembamba na umezama. Ubaya ni kazi ya kuichomelea, na uzito mkononi. Kwa mpaka wako wa vistari kuna njia ya kati: kata vipande vya shaba au bati vyenye upana wa sentimita 2, uvipigilie kwa ubavu kwenye kibao, vikichomoza sentimita 1. Mafundi wa jua kali (karakana za wazi) pale Kamukunji watakufanyia ukiwapelekea mchoro wa kipimo kamili. Muhuri huo usiuweke juu ya moto wenyewe kama umeunganishwa kwa risasi ya kulehemu, viungo vitaachia. Uache kwenye nta upate joto humo.

Vitambaa_Buruburu:
Asanteni. Mchanganyiko wa nta je? Na meza?

Mama_Nta:
Nta ya mishumaa peke yake inapasuka na kutoa nyufa nyingi. Nta ya nyuki inapinda bila kupasuka. Kwa vistari anza na nusu kwa nusu. Ukitaka nyufa kwenye majani, sehemu 3 za mishumaa kwa 1 ya nyuki. Asubuhi za baridi za Julai nta hupasuka zaidi, ongeza ya nyuki kidogo.

Muhuri usiuzamishe. Kunja kitambaa cha pamba mara kadhaa ukilaze ndani ya sufuria pana, nta iwe imekilowesha tu, ugandamize muhuri hapo sekunde chache na kuukung'uta. Mezani tandika blanketi, juu yake nailoni, kisha kitambaa chenye majimaji kilichokamuliwa vizuri, la sivyo bafta itaganda mezani na kubanduka na nta yake.

Rangi_Kariobangi:
Rangi za vati, zile zinazoyeyushwa kwa kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) na haidrosi (unga wa kuondoa oksijeni), usizichanganyie kwenye sufuria ya alumini, kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka. Tumia beseni la plastiki na glavu, na siku zote kostiki ndiyo inaingia kwenye maji. Haidrosi ifungwe vizuri, ikipata unyevu huweza kuwaka yenyewe.

Ukitumia rangi baridi (zinazoshika bila kuchemshwa), kwa kila kilo ya kitambaa weka maji lita 20, chumvi kilo 1, na magadi meupe ya kiwandani (soda ash) gramu 200. Magadi ya kupikia githeri (mahindi na maharagwe) ni dhaifu na yana uchafu. Maji yawe nyuzi 25 hadi 30. Yakizidi 40 nta inalainika, na yakiwa ya baridi ya Julai rangi haishiki, itatoka yote siku ya kufua.

Kamukunji_Bati:
Na bafta ichemshwe kwanza kwa sabuni kutoa wanga. Choma uzi mmoja: ukiacha majivu laini ni pamba, ukiacha shanga ngumu kuna poliesta, kirudishe dukani.

Mama_Nta:
Wakati wa kutoa nta, chemsha kitambaa kwenye pipa, acha maji yapoe, uikusanye iliyoganda juu. Usimwage sinki, mabomba yataziba. Nta hiyo ina maji ndani, hivyo ipashe polepole mpaka iache kutokota na kuruka, ndipo uichanganye na mpya.